Nyumba ya vyumba vitatu kwa awamu, Nyanda za Juu Kusini: pa kusimama na pasipo pa kusimama

Maboma yaliyoota nyasi ndani yako kila mtaa mpya wa Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe. Mengi hayakukwama kwa sababu mwenyewe hana kipato. Yalikwama kwa sababu fedha iliishia mahali pabaya: kuta zimesimama, lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta) haijafungwa, na mvua ya Novemba inaanza.

Ukanda huu una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukijenga kwa fedha ya mfukoni, utasimama tu, haikwepeki. Cha kufanya ni kuamua mapema utasimama wapi. Nyumba ya chini ina vituo vitatu ambapo kazi inaweza kulala mwaka mzima bila hasara: kiwanja chenye karatasi zilizokamilika, msingi uliofungwa mkanda wa zege na nondo na kujazwa kifusi, na nyumba iliyopauliwa. Kati ya hapo hakuna kituo. Mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi hubomoka kingo na kujaa tope. Boma lisilo na lenta hupigwa na upepo na maji kutoka juu, na kama limejengwa kwa tofali za kuchoma na udongo badala ya saruji, msimu mmoja wa mvua za Tukuyu unatosha kuliharibu.

Kiwanja na karatasi

Nunua kiwanja kilichopimwa kama unaweza. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati: jina la mmiliki, rehani au zuio lililowekwa, kodi ya ardhi inayodaiwa. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote. Upekuzi hukwambia kilichoandikwa, majirani hukwambia kinachogombewa.

Muuzaji akiwa na ndoa, saini ya mwenzi wake si hisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mauzo yaliyofanyika kwa siri huishia baraza la ardhi. Kijijini, ambako ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mauziano yapitie serikali ya kijiji, siyo kuandikiana tu kwa shahidi mmoja.

Pima pia umbali wa kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Mbeya mjini vijito viko kila bonde. Miteremko nayo iangaliwe kwa jicho kali: Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilishuka Itezi likafunika nyumba na majengo ya shule. Kiwanja cha bei nafuu chini ya genge lililokatwa miti kina sababu ya kuwa nafuu.

Kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri kabla ya kuchimba. Benki itakidai ukitaka mkopo, na hapo ndipo utakapoambiwa umbali wa kuacha kutoka barabarani na mipakani. Usihesabu kwa kumwangalia jirani. Huenda naye alikosea.

Udongo kwanza, ramani baadaye

Chimba shimo la mita moja na nusu pembeni mwa mahali nyumba itakaposimama, gharama yake ni kibarua wa nusu siku. Mbarali, kuanzia Igawa hadi Rujewa na Chimala, utakuta sehemu nyingi udongo mweusi wa mbuga. Huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi wa kawaida hupanda na kushuka nao. Uondolewe wote chini ya kuta au msingi uvuke chini yake, kisha ijazwe moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa. Uyole na Rungwe udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unaochimbika kirahisi. Unaonekana mkavu na imara hadi maji yaupate ukakaa chini ghafla. Hapo mabomba na maji ya paa yasimwagike karibu na ukuta hata kidogo. Iringa mjini shida hugeuka: upande mmoja wa kiwanja ni mwamba, upande wa pili ni udongo mwekundu. Nyumba iliyokalia vyote viwili hupasuka pale vinapokutana, kwa sababu upande mmoja unashuka na mwingine haushuki.

Angalia pia nyumba za jirani. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali ni habari ya msingi. Ufa wa nywele kwenye plasta ni habari ya fundi plasta tu.

Kwenye ramani, jambo linalosahaulika huku ni baridi. Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na upepo wa baridi hutoka kusini mashariki. Sebule na vyumba vya watoto vikitazama kaskazini hupata jua wakati linapohitajika. Stoo, choo na ukuta wenye madirisha madogo vipelekwe kusini. Ramani nyingi zinazouzwa mitandaoni zimechorwa kwa joto la Pwani, zenye madirisha makubwa kila upande na veranda inayozuia jua.

Hesabu ya vifaa

Tuchukue nyumba ya mita 11 kwa 9 kwa nje: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo na stoo. Kuta za nje zina mita 40, za ndani tuseme 32, jumla mita 72. Ukiwa na urefu huo wa kuta, vifaa vingine vyote hufuata.

- Zege la chini ya msingi, upana sentimita 60, unene 20: mita za ujazo 8.6. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), saruji mifuko 38.
- Ukuta wa msingi, matofali ya saruji ya inchi 6 yaliyolazwa, kozi (mistari ya tofali) tano: tofali 770, na saruji ya kujengea mifuko 15.
- Mikanda miwili, wa juu ya msingi na lenta, upana sentimita 15, kimo 20: mifuko 28 kwa mchanganyiko wa 1:2:4.
- Nondo za milimita 12, nne kila mkanda: vipande 27 vya mita 12, yaani 54 kwa mikanda yote. Ringi za milimita 8 kila sentimita 20: vipande 18 kila mkanda.
- Kuta zenye kimo cha mita 3, ukitoa milango, madirisha na lenta: mita za mraba 177. Tofali 10 kwa kila mita ya mraba pamoja na zitakazovunjika, yaani 1,770. Saruji ya kujengea mifuko 22.
- Jamvi (zege la chini ya sakafu) la sentimita 10: mita za ujazo 9, mifuko 58.
- Plasta ndani na nje, mita za mraba 380: mifuko 50 hadi 55.
- Sakafu ya juu ya jamvi, mifuko 20. Shimo la maji taka, chemba na ngazi, 25.

Tofali 2,540 kwa kufyatua 30 kwa mfuko ni mifuko 85 mingine. Jumla inafika 340 na kidogo. Fundi akikwambia nyumba hii inatosha mifuko 200, muulize atapunguza wapi. Jibu huwa kwenye zege na kwenye tofali.

Tofali za kuchoma hazina kipimo kimoja. Tanuru la Iringa na la Mbozi hazilingani. Panga tofali kavu chini, za unene wa ukuta unaoutaka, ukiacha nafasi ya kidole kati yake hadi zifike mita moja kwa mita moja, kisha hesabu. Zidisha kwa 177, ongeza asilimia 10. Na kabla ya kulipia tanuru zima, chomoa tofali kutoka katikati na pembeni, siyo zile za mbele zilizopangwa kwa ajili yako. Gonganisha mbili: iliyoiva hulia kama chungu, mbichi hutoa sauti ya kifuu. Iloweke usiku kucha kwenye ndoo. Ikilainika kingo, hilo ni udongo mkavu tu.

Sasa peleka orodha hii kwenye maduka matatu, andika bei ya leo pamoja na usafiri, ongeza asilimia 10 ya upotevu na 10 nyingine ya dharura. Gharama ya ufundi iandikwe peke yake. Kwa makadirio ya kuanzia, msingi na jamvi hula asilimia 20 ya nyumba yote, boma na lenta 15, paa 20 hadi 25, na yanayobaki, asilimia 40 au zaidi, ni umaliziaji. Wengi hudhani wakishapaua wamemaliza. Wako katikati.

Fedha ipi kwa hatua ipi

Msingi ujengwe kwa akiba. Una kituo cha kupumzikia baada yake, hivyo hakuna haja ya kulipia riba. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au wa mahindi wa Mbozi huvuna kati ya Mei na Agosti, wakati uleule wa ukavu, na ndipo fedha ya mavuno inapofaa kuingia shimoni moja kwa moja. Ikibaki, igeuze vifaa visivyoharibika: nondo, mabati, mchanga, kokoto. Saruji usirundike. Ikikaa zaidi ya miezi mitatu hupungua nguvu, na kwa unyevu wa Tukuyu au Mufindi huganda mapema zaidi ya hapo.

Mkopo, kama upo, ukae kwenye kipande kisicho na kituo: kutoka kozi ya kwanza ya boma hadi kofia ya bati. Usiukope kabla vifaa havijapigiwa bei na fundi hajapatikana, maana marejesho huanza hata kama tripu ya kwanza ya tofali haijafika.

SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa hiyo kuweka akiba kwa utaratibu miaka miwili kabla ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Benki kwa mkopo wa nyumba hutaka hati miliki, kibali, ramani na mchanganuo wa gharama, na mara nyingi hutoa fedha kwa awamu baada ya mkaguzi wake kuona kazi. Hati ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee haitoshi kuweka rehani. Mtumishi anayekopa kwa mshahara akumbuke sharti la kubaki na theluthi moja ya mshahara. Ukiijaza nafasi yote kwa boma, fedha ya kupaua itatoka wapi?

Uliza swali moja kabla ya kusaini: riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote hadi mwisho? Shilingi 10,000,000 kwa asilimia 17 kwa mwaka, miaka 5, kwenye salio linalopungua hulipwa kama 248,500 kwa mwezi, jumla milioni 14.9. Asilimia ileile 17 kwenye mkopo wote ni 308,300 kwa mwezi, jumla milioni 18.5. Tofauti ya milioni 3.6 inatosha kununua kitu kikubwa cha umaliziaji, na tangazo la ukutani linasomeka sawa. Mikopo ya kausha damu, ya riba kwa mwezi, haijengi nyumba. Asilimia 10 kwa mwezi ni 120 kwa mwaka.

Msingi

Anza mwishoni mwa Mei, ardhi ikiwa bado laini kuchimba lakini mvua imekwisha. Fundi akishafunga kamba, usikubali pembe kwa macho. Pima mshazari kona kwa kona: nyumba ya 11 kwa 9 ina mita 14.21 kila upande. Ikipishana kwa sentimita 5, nyumba imepinda, na utaijua vizuri siku ya kupaua na siku ya marumaru.

Zege lipimwe kwa ndoo, si kwa koleo. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni karibu lita 35. Kwa 1:3:6, mfuko mmoja huchukua mchanga ndoo tano na robo za lita 20 na kokoto kumi na nusu. Kwa 1:2:4 ya mkanda na jamvi, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto saba, maji lita 25 hadi 28. Mafundi hupenda maji mengi kwa sababu zege hutiririka lenyewe. Maji hayo yakikauka huacha matundu, na ndiyo sababu ya mkanda unaomomonyoka kwa kucha. Mikanda itumie saruji ya daraja la 42.5, ya 32.5 inatosha kujengea na plasta. Kokoto ziwe za mwamba mgumu. Mawe mepesi yenye vitundu vya volkano, yanayopatikana kirahisi upande wa Uyole, hayafai kwa zege la kubeba mzigo.

Mchanga upime kwa chupa ya maji: jaza nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope la juu likizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili za mchanga, rudisha tripu kabla haijamwagwa.

Mkanda wa juu ya msingi wengi huuruka ili kuokoa nondo. Huku usirukwe. Tupo kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa Afrika, na madogo husikika Mbeya hadi leo. Mikanda miwili iliyoungwa kwenye kona, nondo zikikunjwa kuzunguka kona kwa sentimita 60 badala ya kuishia hapo, ndiyo inayofanya kuta nne zisogee kwa pamoja. Nondo nazo zipimwe kwa mizani: kipande cha milimita 12 chenye mita 12 kina kilo 10.6. Kikija na 8 au 9, umeuziwa nyembamba au fupi.

Jaza kifusi kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia kila tabaka. Kama fedha inaishia hapa, acha kifusi kikiwa kimeinuka katikati ili maji yasituame, na jamvi lisubiri. Kulimwaga baada ya kupaua ni bora zaidi: hukaukia kivulini, na kifusi kimeshakaa.

Boma hadi paa bila kupumzika

Hesabu kurudi nyuma kutoka katikati ya Novemba. Kupaua kunachukua wiki mbili hadi tatu, lenta ikae siku 14 kabla ya kubebeshwa mzigo, boma wiki tatu hadi nne. Hizo ni wiki saba hadi tisa; ukiacha nafasi ya kuchelewa, kozi ya kwanza isivuke katikati ya Agosti. Ukishapita Septemba bila mbao na bati mkononi, subiri mwaka ujao. Mwaka mmoja wa kungoja ni nafuu kuliko kujenga kozi za juu mara mbili.

Tofali za saruji zilizofyatuliwa mwenyewe zimwagiliwe siku saba, zikae wiki tatu kabla ya kujengwa. Wauzaji wa barabarani hutoa 40 na zaidi kwa mfuko, na huonekana zikishushwa: kona hubaki kwenye gari. Asubuhi za baridi za Iringa na Mafinga zege huchelewa kushika; funika lenta kwa mifuko na uache mbao za chini siku kadhaa zaidi ya ilivyozoeleka mabondeni.

Wakati wa kumwaga lenta, acha vipande vya nondo ya milimita 8 vikichomoza juu kila mita 1.2. Hivi ndivyo vitakavyofunga mbao inayolala juu ya ukuta. Paa linalong'olewa na upepo huondoka zima na kenchi (fremu za mbao) zake, kwa sababu lilikuwa limekalia ukuta tu.

Mbao tuna bahati nazo: Sao Hill, Mufindi, ndilo shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, na Mafinga kuna kila kipimo. Lakini paini iliyokatwa changa, ikapasuliwa na kupakiwa ikiwa mbichi, hujikunja juu ya nyumba yako. Nunua mapema, ipange kivulini kwa vipande vya kutenganisha, iache wiki sita. Mbao ya dawa ikatwe ncha: dawa ya kweli imeingia ndani, ya kupakwa huishia juu ya ngozi. Dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, la sivyo lori litalala kwenye kizuizi kwa gharama yako.

Paa la nyumba hii, likitoka sentimita 60 nje ya kuta, ni karibu mita za mraba 140. Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya mikato. Geji ni kipimo cha unene wa bati: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Fedha ikibana, punguza mapambo ya paa kabla ya kupunguza geji. Kila bonde linalokutanisha paa mbili ni mahali pa kuvuja, na kwa mvua za Rungwe paa la pande mbili lisilo na bonde linaishi kwa amani.

Mkataba na fundi

Andikianeni, hata kama ni shemeji. Bei kwa hatua, vipimo vya mchanganyiko, nani analeta maji na nani analipa saidia fundi. Hela ya kula ya kila siku iandikwe na ikatwe kwenye hatua husika. Isipoandikwa, hatua hufika mwisho wake ikiwa haina kitu cha kulipwa na fundi hahesabiki tena kuwa wako. Bakiza asilimia 10 kila hatua. Ya msingi ilipwe lenta ikishamwagwa, ya boma ikishapauliwa. Ya fundi paa isubiri hadi mvua kubwa ya kwanza ikupate ndani ya nyumba, na tochi juu ya mabonde.

Kuhamia

Paa likishakaa, haraka imekwisha. Umaliziaji una vituo vingi, lakini una utaratibu: mabomba na paipu za umeme ukutani, plasta, jamvi, milango ya nje na nondo za madirisha, vioo, choo kimoja kinachofanya kazi, umeme. Hapo familia inaweza kuingia na kuacha kulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo fedha ya dari na marumaru. Dari ya jipsamu kabla ya kuhakiki paa kwa msimu mzima wa mvua ni kujitakia madoa. Shimo la maji taka likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, na liwe upande ambao gari la kunyonya linaweza kufika bila kuvunja ukuta wa uzio utakaoujenga baadaye.